Samaki Hakukukatia Mshipi, Ni Fundo Lako Lilikuachia

Wasee, leo nakuja na ugomvi. Wa kwanza kwenye hiyo listi ni mimi mwenyewe, kwa hivyo kabla mkimbilie komenti na vidole moto, someni kwanza.

Kuna sentensi moja nimechoka nayo. Ukikaa na watu wanaovua trauti kwa nzi bandia, kutoka Thiba mpaka Gura, utaisikia kabla chai ipoe: "Manze, alikuwa mkubwa, akanikatia mshipi." Kila mtu ana huyo samaki. Hakuna mwenye picha yake. Na kila akisimuliwa anaongeza kilo.

Hebu tufanye hesabu ya darasa la sita. Ile nailoni nyembamba ya mwisho, inayobeba nzi, wengi wetu tunatumia saizi ya 5X. Hiyo X si urembo. Unachukua 11 unatoa namba ya X, unapata unene kwa sehemu za elfu za inchi. Kumi na moja toa tano ni sita, basi 5X ni 0.006 ya inchi, karibu milimita 0.15. Ni nyembamba sana, sawa, lakini inabeba kama kilo mbili hivi kutegemea aliyeitengeneza. Sasa trauti wengi wa mito yetu ya mlimani hawafiki hata nusu kilo. Wewe unaniambia samaki wa nusu kilo amekata kitu kinachobeba kilo mbili, na fimbo inapinda kumpunguzia nguvu, na rili inatoa mshipi akivuta? Nakubali maji yanakimbia, nakubali kuna mawe yanakwaruza, nakubali saa zingine unashtuka unavuta kama unaanzisha jenereta. Lakini kila siku? Kila mtu? Hesabu inakataa.

Kilichokatika ni fundo. Ama hata halikukatika, liliteleza tu likafunguka lenyewe, na wewe ukalipa samaki lawama.

Wacha niwaambie venye nilijua.

Mnakumbuka ile video yangu ya "mafundo matatu ya kuvua kama profesheno"? Ile iliniletea mafolowa wengi kuliko kitu kingine nimewahi kuweka. Ukweli ni huu: fundo la tatu nilikuwa nimelijifunza usiku wa kuamkia siku ya kurekodi. Nililifunga kwa kamba ya kiatu, ndio kamera ione vizuri, kwa meza, Nairobi, taa mbili zikiniangaza, mikono ikiwa na joto. Nikazungusha mara tatu badala ya tano kwa sababu tatu inapendeza kwa skrini. Sikulowesha. Nikavuta haraka ndio video isipite dakika moja. Nikaweka muziki juu.

Wiki chache baadaye kijana mmoja ananiandikia inboksi. Ni wa upande wa Kirinyaga, anapeleka wageni mtoni. Kazi yake ni kubeba vitu, kujua samaki wamelala wapi, na kufungia mgeni nzi kwa mshipi. Anaanza kwa heshima kabisa: "Bro, niaje, pole kukusumbua." Halafu ananitumia picha. Ni ncha ya nailoni juu ya kiganja, na mwisho wake umejikunja kama mkia wa nguruwe.

Alikuwa na mgeni siku nzima. Kitu saa tisa mgeni akashika samaki wa kweli, yule wa kupigwa picha. Akamfikisha karibu na neti, kisha fyu, mshipi mtupu. Mgeni hakupiga kelele. Aliangalia ile ncha, akamwangalia kijana, akasema kwa upole kwamba fundo halikufungwa vizuri. Jioni akalipa bei waliyokubaliana, bahasha ya shukrani hakutoa. Na wanaofanya hiyo kazi wanajua: bei ya siku inakula nauli na unga, ile bahasha ndiyo inalipa fees ya mdogo wako.

Kijana hakunitukana. Aliniuliza swali tu: "Nilifuata video yako vile vile. Nilikosea wapi?"

Hakukosea mahali. Ule mkunjo wa mkia wa nguruwe ni ripoti ya daktari. Nailoni ikikatika kwa nguvu ya samaki, ncha hubaki imenyooka, imekatika wazi. Ikiwa imejikunja vile, maana yake mizunguko ilikuwa inateleza moja baada ya nyingine mpaka mwisho ukachomoka. Mizunguko michache, ama fundo halikukazwa mpaka likakaa. Yaani video yangu, neno kwa neno.

Nilimtumia pesa kwa simu. Alikataa mara ya kwanza, akakubali ya pili. Sisemi hivyo ndio mniletee makofi, nasema kwa sababu nataka mjue kontenti ya uongo iko na mtu anailipia mahali, na huyo mtu si mimi.

Sasa turudi kwa fundo, maana hapa ndio watu wa kutengeneza video (tena mimi nikiwa mbele) tunawaharibu. Tunawafundisha mafundo ishirini kama ni mitindo ya nywele. Fundo la hili, fundo la lile, "hili hakuna anayelijua." Na hakuna anayesema mambo mawili yanayobeba kila kitu: lowesha, na vuta polepole.

Niliacha uhandisi mwaka wa pili, mnajua hiyo stori, na kati ya vitu vichache nilivyobaki navyo kichwani ni msuguano. Nailoni ni plastiki. Ukikaza fundo kavu kwa haraka, nyuzi zinasuguana, msuguano unatoa joto, na joto linadhoofisha plastiki pale pale ambapo unaitaka iwe na nguvu. Hulioni. Fundo linaonekana safi kabisa. Lakini ndani limeungua kidogo, na hapo ndipo litaachia. Mate yanatosha. Ama uchovye mtoni, si maji yako hapo? Sekunde mbili.

Nilinunua ile mizani ndogo ya kuning'iniza, ya kupimia mzigo, nikakaa jioni nzima kwa balkoni nikifunga na kuvunja, kufunga na kuvunja. Majirani walidhani nimerukwa. Sitawapa namba hapa kwa sababu balkoni yangu si maabara. Lakini yale makavu yaliyovutwa kwa haraka yaliachia mapema karibu kila mara, na yale yaliyoloweshwa yakavutwa polepole yalinifanya nikaze meno. Nailoni ilikuwa moja, mikono ilikuwa mimi.

Fundo lenyewe la nzi ni lile la kawaida, na watu wazima wameshikia nalo samaki maisha yao yote. Pitisha ncha kwa tundu la ndoana. Izungushe kwa mshipi mara tano, hesabu kwa sauti kama hutajali. Irudishe kwa kale katundu kadogo kaliko karibu na ndoana, halafu tena ndani ya lile duara kubwa ulilolitengeneza. Lowesha. Vuta mshipi mrefu polepole uone mizunguko ikilala moja kando ya nyingine kama chapati zimepangwa. Ikipandana, kata, anza upya. Usijidanganye ati "itashika tu." Ukimaliza, livute kwa mkono kabla ya kulitupa majini. Likiachia mkononi mwako, shukuru, limeachia mahali pa bei rahisi. Na kama mikono imeganda, kuna fundo dogo la Davy Wotton, mvuvi wa Wales, lina mzunguko mmoja tu wa ziada na linashika vizuri ajabu. Lakini hilo nalo likikazwa ovyo linateleza, kwa hivyo msinianzie.

Hapo ni mwisho wa mshipi tu. Wengi hawajui kuna maungio mengine nyuma yake, na kila moja ni mahali pa kuachia.

Anza kwa rili. Ndani kabisa kuna uzi wa akiba, unafungwa kwenye kigogo cha rili. Huo uzi unaungana na mshipi mnene wa rangi, ule unaorushwa hewani, kwa sababu nzi bandia hana uzito wa kujirusha mwenyewe, uzito uko kwa mshipi. Mshipi mnene unaungana na lida, nailoni inayoanza nene ikienda ikipungua. Lida inaungana na tipeti, ile nyembamba. Tipeti kwa nzi. Hesabu: maungio matano. Ukinunua fimbo ya bei ya bodaboda halafu ungio moja ni la mchezo, una fimbo ya mchezo.

Mshipi mnene wa siku hizi unakuja na kitanzi kilichochomelewa kiwandani, na lida nyingi zina kitanzi. Unapitisha kimoja kwa kingine. Rahisi, si ndio? Hapo nimeona watu wenye vifaa vya maana wakikosea. Vitanzi vikikaa vizuri vinashikana kama watu wawili wamesalimiana kwa mkono, pande zote sawa. Vikikaa vibaya, kimoja kinajikunja na kumkaba mwenzake shingo, na hapo nailoni inaanza kukata ile ngozi ya mshipi mnene polepole, safari baada ya safari. Siku ukishika samaki wa maisha yako ndipo inaamua. Angalia kwa macho kabla ya kuvuta. Ni hilo tu.

Kitanzi kikiharibika, kuna fundo la msumari. Linaitwa hivyo kwa sababu unazungushia juu ya msumari ndio upate nafasi ya kupitisha ncha. Mimi natumia mrija wa biro iliyokwisha wino, ncha inapita ndani bila kelele. Msinunue kile kifaa kinachouzwa mtandaoni. Mna biro.

Kati ya lida na tipeti ndipo ubishi mkubwa uko. Kuna wanaoapa kwa lile fundo lenye mizunguko pande mbili, ncha zinatokea katikati, limenyooka zuri. Ni zuri kweli, lakini linataka nailoni mbili za unene unaokaribiana. Ukiunga nene na nyembamba sana, ile nyembamba inajikata. Mimi nimehamia kwa fundo la daktari mpasuaji. Unalaza nailoni mbili sambamba, unapiga kitanzi cha kawaida na zote pamoja, unapitisha ncha mara mbili, ama tatu kama tofauti ya unene ni kubwa, unalowesha, unavuta ncha zote nne kwa pamoja. Halipendezi. Lina kikonyo kidogo. Lakini unaweza kulifunga giza likiingia na mvua ikinyesha, na huko Aberdare mvua haikuulizi ratiba.

Kuna adui mwingine hata hajafungwa na mtu: lile fundo linalojifunga lenyewe ukirusha vibaya na upepo. Kafundo kamoja, kadogo, katikati ya nailoni. Unakaona unasema "ah, kakae." Kafundo hako kanaweza kukutoa karibu nusu ya nguvu ya mshipi. Hapo kilo zako mbili zimekuwa moja. Kata, unga upya. Na kila ukishika samaki ama ukigonga jiwe, pitisha vidole kwa nailoni ya mwisho karibu na nzi. Ukisikia mkwaruzo, kata. Najua tipeti ni ghali. Samaki akienda na nzi ni ghali zaidi.

Disemba nilishuka Kilifi kupumzika. Nikamkuta mzee akitengeneza mshipi wake wa mkono kando ya mashua. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Nikajifanya mjuaji, nikamwonyesha fundo langu. Aliligeuza, akalivuta mara moja tu, likateleza. Akacheka. "Hili la kufungia mbuzi, na mbuzi mwenyewe awe mgonjwa." Kisha akanifungia lake, akalitia mdomoni kwanza, akalikaza bila haraka kama mtu hana pengine pa kwenda. Hakuwa na video. Hajui 5X ni nini. Anajua samaki akienda, chakula kimeenda.

Na hapo naona shida yetu vijana wa hii michezo. Kwetu samaki akienda, tunabaki na stori. Hatupotezi kitu. Lakini samaki anapoteza.

Hili hatulisemi kabisa. Mshipi ukikatikia kwenye fundo la tipeti, samaki anaondoka na nzi mdomoni na mkia wa nailoni unamfuata nyuma. Unanasa kwa mizizi, kwa mawe. Nailoni haiozi leo wala kesho, inakaa miaka. Mkijisifu kwa bayo yenu ati "nashika na kuachilia, napenda mazingira," muulizane hiyo wiki mmewaachilia wangapi na pini mdomoni. Angalau bana ile kikuku cha ndoana kwa koleo, iwe laini, ikibaki iwe rahisi kumtoka. Na vile vipande vya nailoni unavyokata, weka mfukoni. Nimewahi kuokota ndege mdogo kando ya mto amefungwa miguu miwili pamoja. Nilimkata kamba akaruka. Sijui alifika wapi.

Najua komenti iko njiani: "Bro, hii ni michezo ya wazungu, tuongelee mambo ya maana." Sawa. Ni kweli trauti hakuzaliwa hapa. Aliletwa na walowezi, Ewart Grogan ndiye anatajwa kuleta mayai kutoka Scotland mwaka wa 1905 na kuyatia mto Gura. Lakini ni miaka zaidi ya mia moja. Kiganjo kuna kituo cha kuzalisha trauti, na Wakenya ndio wanakiendesha. Wanaopeleka wageni mtoni ni watoto wa pale pale. Na kitu hamjui wengi wenu: nzi bandia wengi wanaouzwa maduka ya Uingereza na Marekani wamefungwa hapa Kenya, na mikono ya Wakenya, kwa miongo mingi sasa.

Shangazi yangu alifanya hiyo kazi miaka mingi. Anakaa na ndoana ndogo kuliko punje ya mchele, anazungusha uzi, anapachika unyoya, anamalizia fundo ambalo halijawahi kufunguka mkononi mwangu hata mara moja. Dazeni kwa dazeni. Analipwa kwa hesabu ya nzi waliopita ukaguzi, na nzi mwenye kichwa kilicholegea anarudishwa. Yeye hana nafasi ya kusema "alikuwa mkubwa akanikatia." Siku moja nilimwambia nimepoteza nzi kumi na mbili kwa wikendi moja. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwani mlikuwa mnawatupa tu?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Kwa hivyo mkinitumia inboksi mkiuliza fimbo gani ninunue, nitawajibu na swali: nionyeshe fundo lako. Si kwa kamba ya kiatu. Mkiuliza kama flurokaboni ni bora kuliko nailoni, nitawaambia inazama, haiharibiwi sana na jua, lakini ni ngumu na fundo lake linataka uvumilivu zaidi wakati wa kukaza, na kama nailoni ya kawaida ya duka la mtaani inakuteleza mikononi, hiyo ya bei mara tatu itakuteleza kwa bei mara tatu. Mkiniambia mmeshika samaki wa kilo tatu akakata, nataka picha ya ncha. Imenyooka ama imejikunja? Hiyo ndiyo picha ya samaki ninayoitaka.

Ile video nimeitoa. Najua ilikuwa na views nyingi, najua kuna watu walikuwa wameihifadhi. Yule kijana wa Kirinyaga nimemwomba tufanye mpya pamoja, yeye afunge, mimi nishike kamera, na malipo tugawe. Amekubali, lakini ameweka masharti: asubuhi kabla jua litoke, tukiwa tumesimama majini, tipeti ya 5X, bila kukata wala kuharakisha picha. Nikamwambia kwa hiyo baridi mikono itatetemeka, watu hawataona vizuri. Akanijibu, "Watazoea. Mimi nilizoea."

Ni Jumamosi. Nimeshanunua soksi nzito.